Mguu wa Zambarau na Neno Kansa

Nilizaliwa Tanga nikiwa na baka la rangi ya zambarau lililoanzia nyonga ya kushoto na kushuka hadi kifundo cha mguu, na kabla sijaanza shule mguu huo ulikuwa umekwisha kumzidi mwenzake kwa unene na kwa urefu. Maelezo niliyoyakuta nyumbani yalikuwa matatu. Bibi mzaa mama alishikilia kwamba binti yake alijishika paja usiku wa kupatwa kwa mwezi, akiwa na mimba yangu. Majirani walisema ni matende, kwa kuwa katika pwani yetu mguu ukivimba jina hilo ndilo hutangulia mengine yote. Maelezo ya tatu yalitoka kwa daktari wa hospitali moja ambayo sitaitaja, aliyemwambia mama pale mlangoni, huku amekwisha kumwita mgonjwa mwingine, kwamba mambo ya namna hii yanaweza kugeuka kansa. Bibi alifariki na mwezi wake, majirani wakachoka na matende yao, lakini lile neno la mlangoni lilihamia nyumbani kwetu likakaa.

Kila Ijumaa, baada ya kuniogesha, mama alinilaza mkekani na kuubonyeza mguu wangu kuanzia kidole gumba hadi nyonga, polepole, akiuliza kila mahali kama panauma. Nilipofikisha miaka minane akaongeza tumbo, kwa sababu mtu fulani alimwambia kuwa kansa hupanda. Hakuna aliyemweleza ni kansa gani, huwapata wangapi, na katika umri gani. Sasa nina miaka 43, nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeitumia kuyatafutia majibu maswali hayo matatu ambayo mama hakupewa nafasi ya kuyauliza.

Jina la hali yangu nililipata nikiwa na miaka 24, limeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye kadi ya kliniki: sindromu ya Klippel-Trenaunay. Maurice Klippel na Paul Trénaunay walikuwa madaktari wa Ufaransa, nao waliieleza mwaka 1900 kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja, yaani baka la mishipa midogo ya damu kwenye ngozi, vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizotanuka na kujipindapinda, na mfupa na nyama za kiungo kukua kupita kiasi. Mara nyingi kiungo hicho ni mguu mmoja. Mara nyingi pia mishipa ya limfu, ile inayoyarudisha maji ya mwilini kwenye damu, huwa na kasoro, ndiyo maana mguu wangu hujaa maji ikifika jioni na ndiyo maana majirani wa mama hawakuwa wajinga walipoutaja ugonjwa wa matende, ambao nao huziba njia hizohizo za limfu. Vitabu vingine huongeza jina la tatu, la Mwingereza Frederick Parkes Weber, jambo ambalo limewachanganya wengi, kwani hali inayobeba jina lake ina njia za mkato zinazopitisha damu kwa kasi kutoka kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hadi kwenye vena, na sisi wa Klippel-Trenaunay hatuna njia hizo.

Basi kansa iliingiaje katika habari hii? Iliingia kupitia mlango wa jirani. Wako watoto ambao upande mmoja wa mwili hukua kuliko mwingine bila baka wala kasoro ya mishipa, na wengine wana sindromu iitwayo Beckwith-Wiedemann, ambayo huambatana na ulimi mkubwa na kitovu chenye ngiri. Watoto wa makundi hayo wako katika hatari iliyo wazi ya kupata saratani ya figo ya utotoni, ile inayoitwa uvimbe wa Wilms kwa jina la mpasuaji Mjerumani Max Wilms, aliyeandika juu yake mwaka 1899. Katika watoto wote kwa jumla uvimbe huo humpata takriban mmoja kati ya 10,000, lakini kwa wenye Beckwith-Wiedemann uwezekano ni mkubwa mara nyingi zaidi, na kwa sababu hiyo hupimwa tumbo kwa ultrasaundi kila baada ya miezi mitatu hadi watimize miaka saba au minane. Hoja iliyofuata ilionekana ya akili: mtoto wa Klippel-Trenaunay naye ana upande mmoja mkubwa, kwa hiyo naye apimwe. Kwa miaka mingi watoto wetu walikokotwa katika wavu huo, na maneno yakaenea kutoka figo hadi mguu, kutoka mguu hadi mwili mzima, mpaka yakamfikia mama yangu mlangoni yakiwa yamepoteza figo, umri na hesabu.

Mwaka 2004 madaktari wa Boston waliokuwa wakiwahudumia watoto wengi wenye kasoro za mishipa walichapisha uchunguzi wao wa jambo hili hasa. Waliwatazama wagonjwa wao wa Klippel-Trenaunay, zaidi ya 100, wakatazama pia kumbukumbu kubwa ya kitaifa ya Marekani ya watoto waliougua uvimbe wa Wilms, na hitimisho lao lilikuwa kwamba hatari ya uvimbe huo kwa watoto wetu haionekani kuzidi ile ya watoto wengine, hivyo upimaji wa kila miezi mitatu hauna sababu. Nililisoma hitimisho hilo nikiwa peke yangu katika chumba cha walimu, na jambo la kwanza nililolifanya ni kutoka nje kumpigia mama simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo zile Ijumaa zote, mwanangu?" Sikujua nimjibu nini, nikamwambia zilinisaidia kulala.

Sitaki kuifanya hofu ile kuwa kitu cha kuchekesha, maana nusura iniue. Miezi michache baada ya simu hiyo nilipaswa kuwa nimekwisha kujifunza, lakini kusoma jambo na kuliamini moyoni ni vitu viwili vinavyoishi nyumba tofauti. Siku ya tisa baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilishindwa kupanda ngazi nne za baraza ya mama mkwe. Pumzi ilikatika, kifua kikauma upande mmoja, na fikra iliyonijia ilikuwa ileile niliyorithi: imepanda, imefika mapafuni. Kwa kuwa niliamini kuwa ni kansa, na kwa kuwa sikutaka kuisikia habari hiyo nikiwa nanyonyesha kichanga, nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nilizimia jikoni. Daktari kijana wa zamu ya usiku aliufunua mguu wangu, akautazama kwa muda, akasema kuwa donge la damu lililoganda kwenye vena za mguu limesafiri hadi kwenye pafu, na kwamba kama ningekawia zaidi asingekuwa na mtu wa kumweleza.

Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Katika vena pana zisizo na vali nzuri damu hutembea polepole, na damu inayotembea polepole huganda. Ujauzito na siku za baada ya kujifungua huongeza uwezekano huo, na kabla ya hapo, kati ya mtoto wa kwanza na wa pili, nilikuwa nimemeza vidonge vya majira kwa miaka mitatu, vile vyenye estrojeni, ambayo nayo husaidia damu kuganda. Kila mara nilipokwenda kuvichukua, muuguzi aliuona mguu wangu akanipa pole, na hakuna hata mara moja alipouliza swali. Sikumlaumu yeye peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwenda hospitali mara nyingi kudai kipimo cha kansa, na sikuwahi kuuliza habari ya damu. Nilichomwa tumboni sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kisha nikapewa warfarini, ya kazi hiyohiyo, na kwa miezi mingi nilipimwa damu nikifundishwa kuwa mchicha na kisamvu si haramu kwangu, ilimradi nile kwa kiasi kisichobadilikabadilika wiki hadi wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo.

Kuna pia damu inayovuja, kuna ngozi inayoshika maambukizi kwa kidonda kidogo cha ukucha, na kuna wapasuaji wenye haraka wanaotaka kuzitoa vena za juu zilizovimba kabla ya kuhakikisha kuwa vena za ndani zipo, wakati kwa baadhi yetu hazipo au ni nyembamba kama uzi, na zile mbaya za juu ndizo zinazourudisha mzigo wote wa damu. Hayo yote yana uzito, na hakuna hata moja kati yake linaloitwa saratani.

Mambo yalirudi kuchanganyika pale jeni ilipopatikana. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa Klippel-Trenaunay waliochunguzwa walikuwa na badiliko katika jeni iitwayo PIK3CA, tena ndani ya nyama ya kiungo chenye kasoro. Jeni hiyohiyo ilikuwa imejulikana tangu mwaka 2004 kuwa hubadilika katika saratani nyingi, na katika saratani ya matiti ya aina inayotegemea homoni hukutwa imebadilika katika takriban asilimia 40 ya wagonjwa. Mahali pa badiliko ndani ya jeni mara nyingi ni palepale, herufi kwa herufi. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita, ambaye nilikuwa nimemweleza hali yangu kwa sababu aliuliza kwa adabu, alinijia na swali ambalo nami nilikuwa nikilikwepa: "Mwalimu, kama badiliko ni lilelile, kwa nini wewe huna saratani?"

Nilimjibu kwa mkeka. Msusi anapoanza kusuka ukili, akiingiza mwaa mmoja uliotiwa rangi, rangi hiyo itafuata njia ya mwaa huo tu. Ikiingia mapema itaonekana katika sehemu kubwa ya mkeka, ikiingia mwishoni itabaki pembeni. Badiliko letu hutokea katika seli moja ya kiinitete baada ya mimba kutungwa, na uzao wa seli hiyo peke yake ndio unaolibeba. Kwa sababu hiyo damu yangu ikipimwa huenda isionyeshe chochote ilhali kipande cha ngozi ya paja kikaonyesha, na kwa sababu hiyo watoto wangu wawili walizaliwa na miguu yao ya kawaida, kwani badiliko la namna hii halirithishwi. PIK3CA ikiwashwa, seli huambiwa ikue na isife upesi. Hiyo ni hatua moja. Saratani huhitaji hatua kadhaa, ikiwemo kuvunjika kwa jeni zinazolinda na kukarabati, na seli nyingi zenye badiliko hili hazifiki huko kamwe. Wazee wana vile vinundu vya ngozi vya rangi ya kahawia au nyeusi vinavyoonekana kana kwamba vimebandikwa kwa nta. Baadhi yake vina badiliko hilihili la PIK3CA, na havina madhara yoyote isipokuwa kumuudhi mwenye kujitazama kwenye kioo.

Katika ukoo huu wa magonjwa yuko mmoja ambaye habari yake ni nyingine, na ningekosea kumpita. Jeni iitwayo PTEN ikiwa na kasoro tangu yai, mwili wote huibeba, na mwenye nayo anaweza kuonyesha kasoro za mishipa na kukua kwa kiungo, hivyo akapewa kimakosa jina letu. Dalili inayotangulia mara nyingi ni kichwa kikubwa kuliko kawaida, na mara nyingine vivimbe vya tezi ya shingo. Mtu huyo hatari yake ya saratani ya matiti, ya tezi ya shingo na ya ukuta wa mfuko wa uzazi ni kubwa kweli, anahitaji uchunguzi wa maisha yote, na kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi.

Halafu ikaja dawa. Alpelisib iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya saratani ya matiti yenye PIK3CA iliyobadilika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, daktari Guillaume Canaud wa hospitali ya Necker jijini Paris alikuwa amechapisha habari za wagonjwa 19 wenye hali za ukoo wetu waliopewa dawa hiyo, nao viungo vyao vilipungua na uchovu wao ukapungua. Aprili 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa namna yetu wenye miaka miwili na kuendelea, wale ambao hali yao ni nzito. Mimi sijawahi kuimeza. Lakini shangazi yangu aliposikia habari hiyo redioni alinijia na uso wa msiba, akaniuliza, "Kama huna kansa, mbona dawa yenu ni ya kansa?" Nilitumia jioni nzima kumweleza kuwa dawa huzima swichi, na swichi moja inaweza kuwasha taa za nyumba mbili. Aliniambia umeme haumhusu.

Saratani chache zimeripotiwa kwenye viungo kama changu, mgonjwa mmoja hapa na mwingine pale, na zinafanana na zile zinazotokea kwa mtu yeyote mwenye kiungo kilichovimba au kuumwa kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1948 inajulikana kuwa mkono uliojaa maji ya limfu kwa miaka mingi baada ya titi kukatwa unaweza, kwa nadra sana, kuota saratani ya mishipa. Kidonda ndugu nacho, kile kisichofunga miaka nenda miaka rudi, kinaweza kuanza kuota kingo ngumu zilizoinuka, na hapo kipande hukatwa na kupelekwa maabara. Kwa hiyo mimi naogopa kidonda cha mguu kuliko ninavyoogopa baka. Kikipita wiki sita bila kufunga, naondoka kwenda hospitali, wala simsubiri mtu anishauri.

Naogopa pia matibabu yasiyo na sababu. Kati ya miaka ya 1920 na 1960, katika miji ya Stockholm na Gothenburg, maelfu ya watoto wachanga wa Sweden waliokuwa na mabaka mekundu ya mishipa ya aina nyingine, ile ambayo mara nyingi hufifia yenyewe mtoto anapokua, walitibiwa kwa mionzi ya madini ya radiamu. Walipofuatiliwa hadi ukubwani ilionekana kuwa saratani za matiti na za tezi ya shingo ziliwazidi, na chanzo kilikuwa mionzi waliyopewa. Kila ninapoambiwa nipigwe CT skani nyingine, ambayo nayo hutumia mionzi, "kwa usalama", huuliza kama ultrasaundi au MRI haitatosha.

Kwa maarifa hayo yote nikajiona mjuzi. Miaka mitatu iliyopita Mwanaidi, binti ya dada yangu, alijifungua mtoto wa kiume mwenye mguu mnene wa kulia na baka la zambarau, na ndugu wote wakamgeukia mama mdogo, yaani mimi, kana kwamba nilikuwa nimemrithisha. Mwanaidi aliambiwa kliniki kuwa mtoto apimwe figo kwa ultrasaundi kila miezi mitatu. Anaishi Handeni, mume wake ni dereva wa bodaboda, na kila safari ya kipimo ilikula fedha ya chakula cha wiki. Alinipigia simu usiku, akasema, "Shikamoo mama mdogo, nimechoka, naomba uniambie kama ninaweza kuacha." Nilimwambia anisubiri. Nilichapisha ule uchunguzi wa mwaka 2004, nikautia kwenye bahasha, nikapanda basi nikiwa tayari kwa mjadala.

Daktari wa watoto aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyeusoma ukurasa wa kwanza wa karatasi zangu akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwomba Mwanaidi amvue mtoto nguo zote. Mimi nilikuwa nimeutazama mguu, na mguu tu, maana ndio niliokuwa nikiujua. Yeye alimgeuza mtoto kifudifudi na kuweka vidole vyangu juu ya donge laini la mafuta chini ya ubavu, kubwa kama andazi, ambalo sote tulilidhani kuwa ni unene wa kichanga aliyenyonya vizuri. Akaufungua unyayo: ulikuwa mpana, na kati ya kidole gumba na kinachofuata palikuwa na nafasi iliyopita kiasi, kana kwamba mtoto alizaliwa amevaa kandambili. Akasema kuwa hali hii ina jina jingine, CLOVES, kifupi cha maneno ya Kiingereza, lililotungwa mwaka 2007 na kuongezewa herufi ya mwisho mwaka 2009, na kwamba ni ya jeni ileile ya PIK3CA, ila badiliko limeenea kwenye kiwiliwili. Na uchunguzi wa baadaye wa mwaka 2017, ambao sikuuchapisha kwa sababu sikuujua, uliwalinganisha watoto wa makundi haya mawili: kwa wenye Klippel-Trenaunay uvimbe wa Wilms haukuonekana, na kwa wenye CLOVES ulimpata takriban mtoto mmoja katika kila 30.

Niliirudisha bahasha mkobani. Mwanaidi alinitazama mimi, hakumtazama daktari, nikamwambia tutaendelea, na nauli nitachangia.

Tumeendelea. Mtoto ametimiza miaka mitatu, figo zake ziko salama, na amekizoea chumba cha kipimo kuliko anavyokizoea chumba cha bibi yake. Kile kifaa kinachoteleza juu ya mafuta tumboni mwake anakiita pasi. Safari ya mwisho, mwezi uliopita, nilikuwa nimekaa pembeni nimevua soksi ya kubana ili mguu upumzike, naye akiwa amelala kitandani tumbo wazi akaliona baka langu, akamwambia fundi wa mashine amalize kwake haraka ampige bibi pasi. Fundi alicheka, akaipitisha mashine juu ya goti langu mara moja kumridhisha. Kipimo kinachofuata ni cha mwezi Machi.